Bastola ya Marehemu Makokha

Jumamosi jioni, kabla giza halijaingia, Sajini mstaafu Komakech alipiga pasi shati lake jeupe na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Shati hilo lilikuwa la Jumapili, na Jumapili kwake ilikuwa na saa moja tu: saa kumi alasiri. Siku nyingine hakuna aliyelitaja jina lake. Muuza mkaa alimwita mzee, kama alivyowaita wazee wote wa mtaa ule. Kwenye kliniki ya shinikizo la damu walimwita kwa namba. Binti yake Atoo, aliyeolewa Gulu, alipiga simu kila tarehe mosi, akamwita baba, akauliza kama dawa zipo, kisha akaaga.

Kwa miaka thelathini na moja Komakech alikuwa fundi silaha wa polisi, na aliishi katika nyumba za kambi ya Nsambya. Mkewe Alanyo alifariki mwaka mmoja kabla hajastaafu. Serikali ilipomtaka aondoke katika nyumba yake, alipanga chumba upande wa nje wa ukuta uleule, karibu kiasi cha kusikia filimbi ya gwaride asubuhi. Aliamka kwa filimbi hiyo, akatandika kitanda barabara, akaketi juu yake, na hapo kazi za siku zikawa zimekwisha.

Mwishoni mwa Agosti alipigiwa simu na Inspekta Oyet, ambaye zamani alijifunza kazi chini yake katika ghala ya silaha na sasa alishughulikia leseni katika kituo kimoja cha jijini.

“Mwalimu, kuna mama mmoja wa Kenya hapa,” Oyet alisema. “Bwana wake amekufa, ameacha bastola. Leseni ni ya marehemu, inakwisha Oktoba. Mama anataka iandikwe jina lake. Mimi siwezi kupeleka ombi mbele bila barua ya mtu anayejua silaha. Nenda uangalie mambo mawili: bastola yenyewe inafaa mtu kujilinda? Na mama anaiweza? Ukiandika ndiyo, napeleka. Ukiandika hapana, bastola inarudi kwangu.”

“Ni bastola gani?”

“Ya zamani kabisa. Ile ya ngoma ya risasi inayozunguka. Utaipenda mwenyewe.”

Mama huyo aliitwa Nangila, mjane wa Makokha, na watu walimwita Mama Travis kwa jina la mwanawe wa pekee aliyekuwa akifanya kazi Doha. Aliuza mapazia ya mitumba katika soko la Owino, na alipanga nyumba ya vyumba viwili kwenye mteremko wa Kibuli, chini ya msikiti. Mumewe alikuwa na lori la mizigo ya Busia. Figo zilimchukua mwezi wa Februari. Lori likauzwa, vitanda vikapunguzwa, na mama akabaki na kuta nne, marobota ya mapazia na bastola iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati.

Siku ya kwanza alimkaribisha Komakech sebuleni na kumweleza shauri lake bila kuzunguka.

“Afande, nisikudanganye. Kaka yangu Masinde kila siku ananipigia simu kutoka kwetu Webuye. Anasema mjane hawezi kukaa peke yake Kampala, nirudi anipe chumba. Chumba! Mimi nimekaa mji huu miaka ishirini na sita, nirudi kwa kaka kuchambua maharagwe ya wifi? Lakini pia ninaogopa, nakwambia kweli. Panya akikimbia darini nakaa kitandani mpaka kunakucha. Basi nimejiambia hivi: ile bastola ikinifaa, nabaki. Isiponifaa, nakwenda Webuye.”

Kisha akaileta, imefungwa kwa kitambaa cha pazia la kijani, akampa.

Kwa mafundi wa ghala kulikuwa na desturi moja ambayo Komakech hakuwahi kuivunja: silaha ikikabidhiwa, hata kama anayekabidhi ni ndugu yako wa tumbo moja na ameapa kwamba ni tupu, unaelekeza mtutu chini, unafungua na kutazama kwa macho yako mwenyewe. Alifungua kijimlango cha pembeni, akazungusha ngoma tundu kwa tundu, na ngoma ikalia kwa ile sauti kavu ya chuma kilichotengenezwa na mtu asiye na haraka. Mpini ulikuwa wa mti, umelainika kwa viganja vya watu waliokwisha kufa. Ni kweli, aliipenda.

“Mama Travis, hizi za siku hizi unafinya tu, inalia,” alisema. “Hii hapana. Hii ukifinya bila kuikoki ni kama umefinya kijiko. Lazima kidole gumba kivute hii nyundo nyuma mpaka mwisho. Hapo ndiyo unafinya. Moja imetoka. Unataka ya pili? Vuta tena. Ya tatu? Vuta tena.”

“Kila mara?”

“Kila mara.”

“Na mwizi yuko pale ananingoja?”

“Kama ana adabu, atangoja.”

Nangila alicheka, na Komakech naye akacheka. Sauti ya kicheko chake mwenyewe ilimshtua, maana ilikuwa imepata kutu.

“Kitu kingine,” akaendelea. “Matundu ni sita, lakini tunatia risasi tano. Hii ya zamani haina kizuizi ndani. Nyundo ikilala, ncha yake inagusa kitako cha risasi. Ikikuponyoka ikaanguka sakafuni, inaweza kulia yenyewe. Kwa hiyo nyundo inalala juu ya tundu tupu. Daima.”

“Makokha huyo! Alinunua ya sita akatumia tano. Hata lori lake lilikuwa hivyohivyo, gia tano, yeye anajua tatu.” Akainuka. “Kale, sawa, Afande. Ngoja nikuletee chai. Unakunywa ya tangawizi?”

Tangu siku hiyo Komakech alishuka kilima cha Nsambya kila Jumapili na kupanda cha Kibuli kwa miguu, daftari kwapani. Alikuwa amechonga risasi tano za mti wa mpera, kila moja na kitako chake, ili mwanafunzi ajifunze bila hatari. Risasi za kweli zilibaki ndani ya sanduku la bati, na ufunguo ulikuwa kwa mama mwenyewe. Utaratibu wa somo haukubadilika. Bastola iliwekwa mezani. Komakech alitazama saa yake ya mkononi, kisha bila kuonya akagonga meza kwa mwiko. Hapo Nangila alitakiwa aichukue, aikoki, alenge kalenda iliyotundikwa ukutani na kufinya, mara mbili.

“Kuruta, umekufa,” Komakech alimwambia Jumapili ya pili.

“Nimekufaje tena? Si nimefinya?”

“Umefinya ya pili bila kukoki.”

“Banange! Basi huyo mwizi aje polepole. Afande, mwandikie mwizi barua, si mimi.”

Walicheka tena, lakini Komakech aliandika katika daftari, kwa mwandiko wake ulionyooka, kile alichokiona. Katika majaribio kumi, mara saba mama alisahau kuvuta nyundo kwa risasi ya pili. Mara mbili nyundo ilimponyoka katikati, kwa kuwa gumba lake la kulia lilikuwa limevimba kwenye kiungo kwa miaka mingi ya kukunja na kufunga mapazia mazito, na springi ya bastola ile haikuwa na huruma. Na hayo yalikuwa mchana, ameketi, amekunywa chai, akiuogopa mwiko tu.

Hakuwa na ubaya na bastola. Ilikuwa imara, vipande vyake vichache, na mtu aliyeizoea kwa miaka mingi angeweza kuitegemea. Lakini fundi hapimi silaha peke yake. Anaipima pamoja na mkono utakaoishika na wakati itakaposhikwa. Mtu anayeamshwa na kishindo, mkono mmoja ukitafuta tochi, moyo ukimwenda mbio, gumba likimuuma, hawezi kukumbuka kazi mbili kwa kila risasi. Kufikia Jumapili ya tatu Komakech alilijua jibu la kumpa Oyet kama alivyolijua jina lake.

Hakuliandika.

Kila Jumapili alipata jambo jingine la kufundisha kwanza. Moja ilikwenda katika kusafisha mtutu. Nyingine ilikwenda katika mafuta, yapi yanafaa na kiasi gani. Somo la skrubu lilichukua alasiri nzima, ingawa skrubu zenyewe hazikuzidi kumi na mbili, na mama alisikiliza yote, kidevu mkononi, akajaza kikombe kila kilipopungua. Baada ya skrubu walizungumza habari za Alanyo, jinsi alivyokuwa akiwafokea maafande wakubwa waliokanyaga nguo alizoanika, na habari za Makokha, jinsi alivyokataa kuamini kwamba ni figo. Jina lake, “Afande Komakech,” lilitamkwa mara nyingi katika saa hiyo moja, naye alirudi chumbani akaketi juu ya kitanda kilichotandikwa barabara na kulisikia bado.

“Barua imefika wapi?” Oyet aliuliza kwa simu mwanzoni mwa Oktoba.

“Uchunguzi unaendelea,” Komakech alijibu.

Katikati ya Oktoba, siku ya Jumanne, wezi walivunja mlango wa Nabangala, jirani wa nyumba ya tatu, wakachukua televisheni na cherehani. Komakech hakupata habari. Jumapili iliyofuata alifika saa kumi kamili, adhana ya alasiri ikitoka msikitini juu ya vichwa vya watu, akamkuta Nangila ameketi kwenye kigoda nje ya mlango. Hakuwa na kikombe mkononi wala hakuinuka. Chini ya macho yake palikuwa peusi.

“Mama Travis, habari ya hapa?”

“Leo tusisome, Afande. Keti tu hapa nje.”

“Unaumwa?”

“Siumwi.”

“Basi nipe ile kitu niitie mafuta, nikuache upumzike.”

Nangila alitazama viganja vyake. “Iko chumbani. Mimi siingii huko.”

Komakech alichuchumaa mbele yake, magoti yakalia. “Kuna nini chumbani?”

Ndipo mama alipomweleza. Usiku baada ya Nabangala kuvunjiwa, alifungua sanduku, akatia risasi za kweli, sita, kwa kuwa alihofu tano hazitatosha. Halafu akafikiri: kinachonichelewesha siku zote ni hii nyundo. Nikiikoki sasa hivi, wakija nitafinya tu. Basi akaikoki kwa magumba mawili na kuilaza kitandani upande wa Makokha. Akajilaza kando yake. Baada ya dakika chache aligundua kwamba hawezi kujigeuza. Aliogopa shuka lisiivute, aliogopa kukohoa. Alitaka kuirudisha nyundo mahali pake, lakini hakujua jinsi ya kufanya hivyo bila kufinya. Akatoka kwa vidole vya miguu, akafunga mlango, na tangu Jumatano alikuwa akilala kwenye kochi sebuleni, na nguo zilezile mbili zilizokuwa kwenye kamba ndizo alizovaa sokoni.

“Siku nne?” Komakech alisema. “Mbona hukunipigia simu?”

“Ningekupigia, ungeandika siwezi.”

Komakech alihisi maneno hayo yakimwingia mahali pabaya. Somo la kuishusha nyundo alikuwa amelipangia Jumapili ya nane. Aliliweka mwisho makusudi, liwe la kumpa Jumapili moja zaidi.

Alivua viatu. Alimwomba mama aende kwa Nabangala na asirudi mpaka aitwe. Akafungua mlango wa chumba polepole.

Bastola ilikuwa pale, juu ya shuka la maua, nyundo imesimama nyuma kama kichwa cha nyoka. Mtutu uliuelekea mto wa upande wa pili, ule aliolalia mama. Komakech alijipitisha ukutani ili asikatize mbele yake. Aliinyanyua kwa mikono miwili, kidole mbali na kifyatulio, akauelekeza mtutu kwenye robota la mapazia lililokuwa pembeni, ambalo lingeweza kumeza risasi. Akatoa leso mfukoni, akaikunja mara tatu kwa mkono mmoja na meno, akaiingiza kati ya nyundo na fremu, ili gumba likiteleza chuma kisikifikie chuma. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi hiyo mara elfu nyingi. Akaibana nyundo, akafinya taratibu, akaishusha kidogo kidogo mpaka ikakaa juu ya leso. Kisha akaivuta mpaka nusu, akafungua kijimlango, na kuzitoa risasi moja baada ya nyingine. Sita. Alizipanga kitandani, akaketi sakafuni, mgongo ukiegemea robota, mpaka pumzi ikamrudia.

Alipomwita mama, alikuwa tayari mezani na daftari mbele yake, ameng'oa karatasi moja safi.

“Naandika sasa,” alisema. “Nikimaliza nitakusomea. Usipokubali neno, useme.”

Aliandika kwa dakika ishirini, na kuku wa jirani aliingia, akatembea chini ya meza, akatoka, hakuna aliyemfukuza. Halafu akasoma kwa sauti ya gwaride iliyopunguzwa nusu: kwamba bastola ni nzima na imetunzwa, kwamba ni ya aina ya kukokiwa kwa mkono kabla ya kila risasi, kwamba aina hiyo inamfaa mtu mwenye mazoezi ya miaka na gumba lenye nguvu, na haimfai mtu anayetaka kujilinda akiamshwa kwa hofu, kwamba mjane Nangila amejifunza kwa bidii na kwa uaminifu, kwamba hatari ya bastola hii kwake ni kubwa kuliko msaada wake, na kwamba mtoa maoni alilijua jambo hili tangu Jumapili ya tatu ya mafunzo.

Nangila aliinua kichwa. “Soma hapo mwisho tena.”

Akasoma tena.

“Jumapili ya tatu,” mama akasema. “Leo ni ya ngapi?”

“Ya saba.”

“Mbona hukuniambia, Afande?”

Komakech alikunja karatasi, akaikunjua. Angeweza kusema habari za uchunguzi. “Ni kwa sababu ya chai,” alisema.

Mama hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Komakech hakuweza kuitazama, akatazama kalenda.

“Chai?” alisema kwa upole uliomuumiza kuliko ukali. “Komakech. Chai si ungekunywa tu? Bila bastola, bila daftari. Ungebisha hodi.”

“Sikujua kama inawezekana.”

“Inawezekanaje isiwezekane? Mtu anayekaa na mimi hapa, tunacheka, huyo mwizi ataingilia wapi? Mimi Jumapili sikuwa naogopa. Hukuona?” Akapangusa meza iliyokuwa safi. “Nilimpigia Masinde Alhamisi. Nililia kwenye simu kama mtoto. Ameshatafuta gari la kubeba marobota. Amewaambia watu wa ukoo. Wifi amekwisha kupaka chumba chokaa. Sasa nitasema nini, kwamba nimebadili nia kwa ajili ya chai?”

Komakech aliyatafuta maneno ambayo mwanamume mwingine angeyasema hapo. Alijua kuamuru na kueleza, na yale hayakuwa amri wala maelezo.

“Masinde ni mtu mzuri?” aliuliza mwishowe.

“Ni mtu wa kelele. Lakini ni mzuri.”

“Basi sawa.”

Nangila aliinuka akapika chai, na wakainywa wote wawili mpaka ikaisha.

Jumatatu walikwenda pamoja kituoni. Oyet alisoma barua, akasita alipofika mwisho, akamtazama mwalimu wake, lakini hakuuliza. Bastola ikaandikwa na kuwekewa kibandiko. Ilipofika wakati wa kuikabidhi, Oyet aliipokea kwa mikono miwili, akaelekeza mtutu chini, akaifungua na kuzungusha ngoma tundu kwa tundu, ingawa aliyempa alikuwa Komakech. Komakech alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Gari la marobota liliondoka Ijumaa ya juma lililofuata. Mama Travis alimpa mkono dirishani, ule wenye gumba lililovimba, akasema, “Nitapiga simu.” Alipiga siku ya tatu. Kulikuwa na watoto wa kaka yake wengi nyuma yake na kelele za sufuria, akasema atapiga tena kukitulia.

Jumamosi Komakech alipiga pasi shati. Alijua hana pa kwenda nalo, lakini lilikuwa limefuliwa. Jumapili alishuka kilima, akapanda kingine. Dirisha la nyumba ile halikuwa na pazia. Mlango ulikuwa wazi, na mwenye nyumba, Haji Nasif, alikuwa ndani juu ya ngazi akipaka rangi ukuta, amevaa kanzu iliyokunjwa hadi magotini. Mahali pa kalenda palibaki mraba mweupe ambao brashi haijaufikia.

“Unatafuta nani, mzee?”

“Simtafuti mtu. Nilikuwa nafundisha hapa.”

“Kumbe palikuwa na shule?” Haji alicheka, akachovya brashi. “Ulikuwa unafundisha nini?”

Komakech aliutazama ule mraba. Mfukoni mwake zile risasi za mpera ziligongana kidogo.

“Mambo ambayo hayakumfaa,” alisema.

Haji aliteremka ngazi, akajifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama vizuri: shati lililonyooshwa, daftari, viatu vyenye vumbi la vilima viwili. “Umetoka mbali?”

“Nsambya. Si mbali.” Haji alikuwa amekwisha kuishika ngazi tena kupanda. Ndipo Komakech, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kazi, akagonga ubao wa mlango uliokuwa wazi, mara mbili, polepole.

“Hodi,” alisema. “Una chai?”